Mrija Uliopita Dirishani

Mpendwa Baba, uliyemzaa mume wangu,

Nakuandikia baada ya kusukutua mdomo kwa maji ya chumvi, nikapiga mswaki, nikasukutua tena, na bado ile ladha haijatoka. Ladha yako, Baba. Ya uji uliochacha na tumbaku, na midomo ya wazee wenzako wote wa Kibabii waliozunguka chungu kimoja kabla mimi sijazaliwa. Naisikia nyuma ya meno. Nimetafuna hata majani ya mpera, wapi.

Usishangae mkaza mwana kukuandikia mambo ya mdomo. Ulipokuwa hai sikuwahi kukutazama usoni. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mkono, hawakai karibu, na nyumba ninayolala na mwanao wewe huwezi kulala ndani yake hata mvua ya Kitale ikinyesha mawe. Chakula chako nilikuwa nakiweka mlangoni, nakohoa, naondoka. Nilikuheshimu hivyo, na hakuna mtu Bungoma nzima atakayesema Mama Nekesa aliwahi kuvunja heshima. Lakini karatasi haina pazia. Leo nitakuambia vile ulivyonichafua roho, na wanaosoma wasikie.

Unakumbuka Nekesa alivyoanguka. Mwanao alikuwa dereva wa lori la mahindi, na siku hiyo alitubeba mpaka mji wa Kwanza. Yeye anapakia, mimi natafuta gunia zuri la chakula. Nekesa hata shule alikuwa hajaanza. Akapanda juu ya magunia yaliyopangwa kama nyumba, akasimama kule juu, akaniita nimwone. Nilimwona, Baba. Nilimwona mpaka chini.

Hospitali walimfunga plasta, ile ngumu nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, kutoka chini ya goti mpaka karibu na vidole. Daktari alinionya: plasta isilowe, na kusiingizwe kitu chochote ndani, hata mguu uwashe namna gani. Alisema kidonda kidogo ndani ya plasta kinaoza bila mtu kukiona, na mguu ukioza unakatwa. Alisema kukatwa vile mtu anasema kukata kucha. Hilo neno nililibeba nyumbani na mtoto mgongoni, na sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa kizito zaidi.

Sasa wewe unajua nyumba yangu. Ilikuwa ya mabati, chumba na sebule tu, lakini sakafu yake ungemwaga uji ungeulamba. Vitambaa vya viti nilivifuma mwenyewe, vyeupe, mpaka wageni wakaogopa kuegemea. Nilikuwa na mashine ya kufuma masweta ya shule, na walimu walitoka mbali kuja kwangu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini sweta langu lingeweza kwenda chuo kikuu.

Ndani ya nyumba kama hiyo ndipo ile plasta ikaingia. Haikukaa sana ikawa rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Uji ukamwagikia, nikaupangusa, ukaacha utando. Vipande vya ugali vikaingia pale juu karibu na goti, na vipande vya ugali vikiingia, siafu wanasikia habari. Nilimkuta mmoja akitoka, amebeba kitu, nikashindwa kula siku hiyo. Na harufu, ile ya soksi ya mtu aliyetembea kutoka Lwakhakha, kule mpakani, kwa miguu. Mimi, mwanamke ambaye watu wakipita dirishani kwake wanasikia sabuni.

Lakini hayo yote yalikuwa kidogo mbele ya muwasho. Mchana mabati yakishika moto, mtoto anaanza. Kwanza anasugua kisigino kwenye godoro, halafu anagonga plasta ukutani, halafu analia kile kilio cha kufunga pumzi. Akaona sindano zangu za kufumia, akaziomba kama mtu anaomba maji. "Mayi," akaniita mimi mama yake, "moja tu. Ile ndefu." Nikazificha. Jirani akaniletea spoku ya baiskeli, ameifuta kwa sketi yake mbele ya macho yangu, ati nimkune nayo. Ilikuwa na grisi na nywele. Nilimshukuru nikaitupa chooni. Nilimpepea mtoto kwa kifuniko cha sufuria, nikamgongea plasta kwa nje na kijiko, nikamwimbia. Muwasho hausikii nyimbo.

Ndipo ukaja. Ulisikia mjukuu amevunjika, ukatoka Bungoma na jogoo kwapani, na mgongoni ule mrija wako ndani ya ala yake ya mwanzi, kama askari na bunduki.

Wacha niwaelezee wasiojua. Wazee wetu wanakunywa busaa, pombe ya mahindi na wimbi, kwa mrija mrefu kumshinda mtu, ili waketi mbali na chungu na bado wafikie. Kila mzee ana wake. Hauazimwi, na mkaza mwana hawezi kuushika hata ukianguka miguuni pake. Kwenye ncha kuna kichungi kidogo kilichosukwa kwa nyuzi laini, mfano wa kidole cha mtoto, cha kuzuia machicha yasipande. Na hauoshwi kwa sabuni, ng'o, ati sabuni inaua utamu wa pombe. Unaukung'uta, unausuuza kwa maji kidogo, unaurudisha kwenye ala, na huko ndani unachacha vizuri mpaka sherehe nyingine. Mimi niliokoka kabla ya kuolewa. Harufu ya busaa nilikuwa naijua kwa mbali, na kwa mbali nilitaka ibaki.

Ulilala kwa mtu wa ukoo wenu mtaa wa pili, kama heshima inavyotaka, na mchana ukakaa kwenye kigoda nje, chini ya paa, karibu na dirisha la chumba. Mtoto akaanza kilio chake. Nikasikia sauti yako nje, unaongea na ukuta ili usiongee na mimi moja kwa moja: kwani mtoto analia nini?

Nikajibu nikiwa nyuma ya pazia, "Muwasho, Baba. Uko ndani ya plasta na hatuwezi kuufikia."

Nikasikia ala ikifunguliwa. Halafu pazia langu, lile jeupe la maua, likasukumwa, na ncha ya mrija ikaingia dirishani. Ikaja polepole, ikitikisa kichwa, ikipita juu ya kitanda changu nilichotandika. Nilishika ufagio. Haki ya Mungu nilidhani ni nyoka.

"Nekesa," ukasema huko nje, "shika hiyo, mwanangu. Iweke pale goti linapoishia. Kuka atapuliza." Kuka kwetu ni babu.

Nikasema, "Baba, hospitali walikataza kuingiza kitu."

Ukajibu, "Mimi siingizi kitu, mama. Naingiza upepo."

Na ukapuliza. Baba, chumba chote kilinuka kama jiko la kilabu cha pombe. Lakini kwanza ilikuwa ile sauti, puuu, kama ng'ombe anavyopumua zizini, na mtoto akakaza macho, akafungua mdomo, akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Kwanza. "Kuka, puliza tena. Kuka, chini kidogo." Ukapuliza mpaka ukakohoa. Alipolala usingizi, mkono wake ulikuwa bado umeshika mrija, na wewe nje hukuthubutu kuuvuta, ukabaki umekaa na ule mwisho wako mdomoni kama mvuvi asiyetaka kushtua samaki.

Hapo ungeacha, ningekusifu tu. Lakini uliona umepata kazi. Kila mchana, mabati yakianza kulia kwa jua, ile ncha inaingia. Na kilichokuja na pumzi yako hakikuwa upepo peke yake. Nilikuwa nasimama pembeni nikitazama. Mrija una unyevu, na unyevu una mwenyewe. Tone linakuja, linaning'inia kwenye kichungi, linaanguka kwenye shuka langu, la njano. Siku moja ganda la wimbi liliruka likashika kwenye paja la mtoto. Wimbi la sherehe gani, Baba? Ya mwaka gani? Nilitaka kuuvuta huo mrija nikautie motoni, lakini mkono wangu haukuruhusiwa kuugusa, na wewe ulilijua hilo vizuri sana. Ulikuwa unakaa huko nje na heshima yako yote, na mate yako yanaingia ndani.

Mwanao aliporudi safari nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Ati, "Si mtoto analala?" Ni kweli alikuwa analala. Basi nikafunga mdomo wangu, nikabadilisha shuka.

Halafu ukaitwa nyumbani kwa sherehe, ukaondoka na ala yako mgongoni, na mimi nikafua kila kitu mpaka pazia. Nilidhani nimemaliza.

Ile harufu mpya ilianza kidogo kidogo. Ya soksi nilikuwa nimeizoea, hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa tamu halafu chachu, kama mtoto aliyecheua maziwa, na chini yake kitu kilichokufa. Niliosha sakafu. Nikatoa godoro juani. Nikainamia ile plasta, nikanusa pale goti linapoishia, nikakimbia nje nikatapika kwenye mgomba. Nzi wakaja. Wanawake waliokuja kupima masweta wakaanza kupimia mlangoni, mkono puani, wakisema wana haraka. Mmoja aliniuliza kama kuna panya amekufa darini. Nyumba yangu, Baba. Nikamwambia ndiyo, ni panya.

Lakini si aibu iliyonikosesha chakula. Nilikuwa nasikia lile neno la daktari. Nilikuwa naosha vidole vya Nekesa pale vinapochungulia nje ya plasta, navihesabu, navibana kimoja kimoja namuuliza kama anasikia. Alisema anasikia. Akasema pia kuna kitu kinamtembelea ndani. Mwanao akatuma habari Bungoma: mguu unanuka, tunarudi hospitali, huenda ukakatwa.

Ulifika kabla yetu. Nilikuona mbali, kwenye ukumbi, umesimama na kofia mikononi na koti lako la Jumapili. Hukuja karibu. Nikapita na mtoto, macho chini kama kawaida, na nikaona viatu vyako. Ulikuwa umevaa kimoja cha kahawia na kimoja cheusi. Mzee aliyejua kuvaa kukushinda hakuwepo Kibabii. Hapo ndipo nilijua kwamba na wewe hukulala.

Walimlaza Nekesa mezani. Yule daktari akavaa kitambaa mdomoni, na mtu wa plasta akaleta msumeno. Vumbi jeupe likaruka. Plasta ikapasuka kama ganda la njugu, na ile harufu ikasimama chumbani kama mtu. Nilijilazimisha kutazama. Mguu wa mtoto wangu ulikuwa mwembamba kama mwiko, umejaa nywele nyeusi, na ngozi ikijikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ugali uliokauka. Siafu waliokufa. Na hapo nyuma, kwenye nyama ya mguu, kitu cheusi, kinene, kimelala kama jongoo aliyeshiba.

Daktari akakishika kwa koleo. Kilivutika, kikaacha uzi wa ute. Machicha yalikuwa yametoka ndani yake na kupakaa mguu wote, yameota ukungu wa kijani. Akakigeuza huku na huku. Akauliza, "Mama, hii ni nini?"

Nilikijua mara moja. Mguu wa Nekesa ulikonda ndani ya plasta, nafasi ikapatikana, na mtoto katika kutafuta pale panapowasha akausukuma mrija ndani zaidi. Ulipouvuta, kichungi chako kikabaki. Nilikijua, lakini ulimi wangu ulikataa. Mimi niliyeokoka, mfuma masweta, niseme mbele ya hospitali kwamba mtoto wangu amefungiwa busaa mguuni?

Basi ukaingia wewe. Chumba kile nilikuwemo mimi, na hukuwahi hata mara moja kuingia chumba nilichomo. Ukasimama katikati, karibu hivi, nikasikia pumzi yako, na ukasema, "Ni changu."

Daktari hakuelewa. Akarudia kutazama mguu, akaosha kwa dawa, akabonyeza, akanusa, akaosha tena. Chini ya uchafu wote ule ngozi ilikuwa nyekundu tu, kama ya mtoto mchanga mwenye nepi chafu. Hakuna kidonda. Akasema mfupa umeshika, mguu ni mzima, tupake mafuta, na tumwogope Mungu.

Nilikaa sakafuni. Nilicheka, nikalia, sijui. Na ndipo ukafanya lile jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naosha mikono. Ulinyoosha mkono, ukakichukua kichungi kwenye bakuli la chuma alimokiweka daktari, ukakifuta kwenye koti la Jumapili, ukakinusa. Ukakiambia, "Kumbe ulikuwa huku." Ukakitia mfukoni.

Baadaye mwanao alinisimulia mengine. Kwamba kule kwenye sherehe busaa ilipanda na machicha mpaka kooni, ukamshtaki rika lako mwenyewe, mzee mliyetahiriwa naye, kwamba amekuibia kichungi. Mkaacha kusalimiana. Kwamba uliporudi kutoka Kitale ulimpelekea kuku wa kuomba msamaha. Ungeishia hapo, ningekula kwa amani. Lakini ukakirudisha kichungi kwenye mrija. Ukakisuuza kwa maji kidogo, bila sabuni, ukakaa kwenye chungu na wenzako, ukavuta, ukawaambia, "Sasa hii imeongezwa mjukuu." Na wao wakacheka, wakaendelea kunywa. Chungu kimoja! Nilipoambiwa hayo nilikuwa nakaanga mayai. Niliyapa mbwa.

Basi hivyo ndivyo ulivyokuwa, Baba, na Nekesa wako sasa yuko chuo cha ualimu. Wacha nijisifu, nani atanizuia? Mguu wake umenyooka kama rula. Akitembea na viatu vya kisigino, ukumbi wote unajua anakuja. Ukimuuliza habari za plasta haikumbuki harufu wala siafu. Anakumbuka tu kwamba Kuka alikuwa anampa upepo.

Ulipofariki, wazee walikaa kugawa vitu vyako. Koti kwa huyu, kigoda kwa yule. Yule rika lako akainua ala ya mwanzi, akasema umeacha neno: mrija upelekwe Kitale kwa Mama Nekesa. Mkutano mzima ukaangua kicheko, kwenye matanga, na mimi nimefunika uso kwa leso. Sijawahi kuona mahali popote mrija wa mzee ukipewa mkaza mwana. Nilidhani ni utani wako wa mwisho. Nikaupokea kwa kitambaa, nisiuguse, nikautupa juu darini, na miaka yote hii ulikaa huko ukininukia wakati wa joto.

Sasa ni Nafula. Huyu hukumwona, ni kitinda mimba wangu, alizaliwa umeshalala. Alianguka juzi kutoka kwenye mpera, mkono ukavunjika, na wamemfunga plasta kutoka karibu na kiwiko mpaka vidoleni. Na mabati ni yale yale, na jua ni lile lile. Alianza kwa kusugua. Halafu kugonga ukuta. Leo mchana akaja kwenye mashine yangu akasimama, akatazama sindano.

Nilimpepea. Nilimpulizia kwa mdomo, upepo ukaishia mlangoni. Nikatoa utumbo wa kalamu nikapuliza kwa ganda lake, fupi. Mtoto akafunga pumzi.

Nikapanda juu ya kiti, Baba. Nikavuta ala darini, na vumbi, na mavi ya panya. Nilipoifungua ulitoka wewe mzima. Nikaukokota mrija mpaka uani, nikaumwagia maji ya moto na sabuni, ndiyo, sabuni, nyingi, mpaka povu likatokea upande wa pili likiwa rangi ya chai. Nikarudia. Maji yakatoka safi, na nikaunusa, na bado ulikuwa humo.

Mwisho wake, pale pa mdomo, pana alama za meno yako. Zile chache ulizokuwa nazo. Nilizitazama sana. Mkono wangu ulikataa, kwa sababu mkono wa mkaza mwana unajua kazi yake, halafu tumbo nalo likakataa kwa sababu zake. Nafula ndani alikuwa analia.

Nikauweka mdomoni, meno yangu juu ya alama za meno yako. Nikapuliza.

"Mayi," akasema, "tena. Chini kidogo."

Nimepuliza mpaka masikio yakaziba. Nimetema mate mpaka koo likakauka. Sasa amelala, na mrija ameukumbatia, na mimi nimekaa hapa naandika huku nikisubiri auachie, kwa sababu sithubutu kuuvuta. Nimechukia kila pumzi, Baba, sitakudanganya. Kesho mabati yakishika moto nitapuliza tena.

Pumzika huko Kibabii, na usinicheke na rika lako. Jambo moja tu nataka uwaambie hao wazee ulio nao, wasije wakasema Mama Nekesa amekuwa kama wewe: mimi kichungi nilikitoa kwanza.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Mama Nekesa, na sasa pia Mama Nafula.